Chumba cha kushonea mavazi ya ngoma: usafi ni sehemu ya kazi

Msimu wa tamasha za muziki umewadia. Shuleni na vijijini, vikundi vya ngoma vinafanya mazoezi, na watakaofaulu katika raundi za chini watasonga mbele hadi fainali za kitaifa za Tamasha la Muziki la Kenya, ambazo kwa kawaida hufanyika mwezi Agosti. Nyuma ya kila kikundi kinachopanda jukwaani kuna chumba ambacho watazamaji hawakioni: kibanda cha fundi sokoni, darasa linalotumika baada ya masomo, au sebule ya mama aliyekubali kushona mavazi ya wachezaji ishirini kwa wiki mbili. Somo letu katika toleo hili linahusu chumba hicho na jinsi ya kukiweka safi kazi ikiendelea.

Mavazi ya ngoma si sawa na sare za shule. Anayeshona sare hushughulika na kitambaa cha aina moja, uzi wa rangi moja na vifungo. Anayetengeneza mavazi ya ngoma ana kitambaa cheupe, shanga, mkonge, manyoya, ngozi, gundi, rangi na njuga, na mara nyingi vyote vimo katika chumba kimoja na kwa wakati mmoja. Kila kitu kati ya hivyo kina uchafu wake, na uchafu wa hiki huharibu kile. Nyuzi za mkonge hunasa kwenye gundi. Rangi hurukia kitambaa. Mafuta ya cherehani hupitia mikononi hadi kwenye shanga. Ndiyo maana kusubiri kazi imalizike ndipo upige deki hakusaidii. Madhara huwa yameshatokea.

Tuchukue mfano wa hando, vazi la akina mama wa Kimijikenda lenye marinda mengi yanayorukaruka mchezaji anapocheza. Vazi hili hutumia mita nyingi za kitambaa, na mara nyingi kitambaa chenyewe ni cheupe. Wakati wa kukunja marinda, kitambaa huburutwa sakafuni na kuzoa kila kilichopo: vumbi, vipande vya uzi, mafuta, na udongo mwekundu ulioingia na viatu. Wakazi wa Marafa na Magarini hawahitaji kuelezwa jinsi udongo huo unavyong'ang'ania nguo nyeupe. Doa moja kwenye rinda la mbele huonekana na jaji aliyeketi mbali, na kikundi ambacho kimechangisha pesa za kitambaa kwa shida hakina pesa nyingine za kununua kipya siku mbili kabla ya mashindano.

Kwa hiyo, kitambaa cheupe kipewe sehemu yake. Tandika shuka au leso safi chini ya meza ya kushonea na chini ya miguu yako, ili kitambaa kinachoteremka kitue mahali safi. Viatu vibaki nje ya mlango, desturi ambayo nyumba nyingi za Pwani tayari zinaifuata. Weka beseni la maji na sabuni karibu na mlango, pamoja na taulo kavu, na kila anayeingia anawe kabla ya kugusa kazi. Chai, mihogo na mahamri viliwe barazani. Hili la chai huleta ubishi katika vikundi vingi, lakini kikombe kikimwagika juu ya hando utakuwa umechelewa kubishana. Makombo nayo huita mende na panya, na panya hukata kitambaa apate vya kutengenezea kiota.

Doa likitokea, usikimbilie pasi. Joto hulifanya doa la mafuta ling'ang'anie zaidi. Nyunyizia poda au unga wa mahindi, uache unyonye mafuta kwa saa kadhaa, upanguse, kisha usugue kwa sabuni ya kuoshea vyombo na kusuuza. Damu ya kidole kilichochomwa na sindano huoshwa kwa maji baridi mara moja, kamwe si maji ya moto. Kutu ya pini iliyosahauliwa kwenye kitambaa chenye unyevu hutoka kwa limau na chumvi: paka, anika juani, kisha suuza vizuri. Usiitie jiki, kwani jiki huikoleza kutu badala ya kuiondoa.

Wako mafundi wanaoondoa mafuta kwa petroli. Tunawasihi waache. Petroli hutoa mvuke unaowaka kwa cheche ndogo tu, na nguo iliyofutwa kwa petroli ikipigwa pasi kabla haijakauka kabisa inaweza kulipuka moto mikononi mwa fundi.

Pasi ya makaa na gundi

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na tutakaa hapa kidogo.

Mataji, mikanda na mapambo ya ngozi au sponji hubandikwa kwa gundi ya viatu. Gundi hiyo huwa na kiyeyushi kinachogeuka mvuke mara tu mkebe unapofunguliwa. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Haupandi kutoka dirishani kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni. Sasa fikiria chumba kidogo chenye mkebe wa gundi uliofunguliwa mezani, na pasi ya makaa imewekwa chini sakafuni, ikisubiri zamu yake kando ya gunia la vipande vya kitambaa. Mvuke utaifikia pasi bila mtu kuona chochote. Thina na baadhi ya rangi za kupuliza zina tabia hiyohiyo.

Suluhisho halihitaji fedha. Kazi ya gundi na rangi ifanyike nje, chini ya mwembe au kwenye kivuli cha ukuta, upepo ukikupiga mgongoni ili upeleke mvuke mbali na uso wako. Mkebe ufunikwe kila baada ya kuchota. Vilivyobandikwa vikauke hukohuko nje kabla ya kuingizwa ndani. Na muda wote gundi inapotumika, pasi isiwashwe, jiko lisiwashwe, na mvutaji sigara aombwe asogee mbali. Vikundi vyenye watu wengi vinaweza kugawa siku: asubuhi gundi, alasiri pasi. Mkikosa nafasi ya kugawa hivyo, afadhali mtaji ushonwe kwa uzi wa viatu kuliko kubandikwa.

Pasi ya makaa ina mambo yake mengine. Hutoa cheche, na cheche moja hutoboa kitambaa cha nailoni papo hapo. Nailoni na poliesta zikishika moto huyeyuka na kugandia kwenye ngozi ya mtu. Makaa pia hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa, kwa hiyo madirisha yawe wazi hata kama usiku kuna mbu. Makaa yapulizwe na kutikiswa nje, kisha ndipo pasi iingie. Jivu lisitiwe kwenye gunia la taka jioni, hata likionekana limezimika. Limwage juu ya udongo mtupu na ulimwagie maji.

Angalia pia gunia la vipande limewekwa wapi. Katika vyumba vingi liko nyuma ya mlango, kwa sababu ndiko kuna nafasi. Moto ukianza hapo, njia ya kutokea imeziba. Lihamishie nje kila jioni, na mlango uwe unafunguka wote. Ndoo ya mchanga mkavu karibu na meza ya pasi ni akiba nzuri, na mchanga kwetu hauuzwi. Nambari ya zimamoto ya eneo lenu iandikwe kwa herufi kubwa ukutani, pamoja na 999 na 112, ambazo ni nambari za dharura za kitaifa.

Wanaotia vitambaa rangi wenyewe wawe waangalifu na unga wa rangi. Unga huo ni mwepesi, huelea hewani, na mtu anayeuvuta mara kwa mara anaweza kupata matatizo ya kupumua. Changanya nje, vaa barakoa na glavu, tia unga kwenye maji polepole badala ya kumwagia maji juu ya unga. Sufuria na mwiko wa rangi visirudi jikoni tena. Ile kemikali nyeupe inayotumiwa na watengenezaji batiki, haidrosulfaiti, ikiingiwa na unyevu kidogo huweza kupata joto yenyewe na kuwaka, kwa hiyo mkebe wake ufungwe vizuri na ukae mahali pakavu, si chini ya dirisha linalopitisha mvua. Maji machafu ya rangi yasimwagwe karibu na kisima.

Hesabu sindano

Wachezaji wengi wa ngoma zetu hucheza miguu mitupu. Pini iliyobaki kwenye rinda, au sindano iliyodondoka katika chumba cha kubadilishia nguo, itamchoma mtoto mguuni au kiunoni akiwa jukwaani. Kwa maoni yetu, hakuna jambo dogo katika kazi hii lenye uzito kama kuhesabu sindano.

Zitoe asubuhi kwa idadi, uandike. Zirudi jioni kwa idadi ileile. Kila mshonaji awe na mto mdogo wa kuchomekea sindano na pini, na iwe mwiko kuzishika mdomoni au kuzichomeka kifuani kwenye dera. Sindano ya cherehani ikivunjika, kazi isimame hadi vipande vyote vipatikane, kisha vipande hivyo vibandikwe pamoja kwenye karatasi ili kuthibitisha kuwa ncha haikubaki kwenye nguo. Sumaku ya spika mbovu hufanya kazi nzuri sana hapa. Ifunge kwenye kitambaa chembamba, uipitishe sakafuni kabla ya kufagia, halafu uipitishe kwenye kila rinda la kila vazi kabla ya kulikabidhi. Kwa hando hilo huchukua dakika kadhaa, maana marinda ni mengi, lakini lifanywe. Sumaku haishiki sindano iliyotengenezwa kwa madini yasiyo chuma, wala pini za plastiki, kwa hiyo macho na vidole vifuate nyuma yake.

Zilizovunjika zitiwe katika chupa ya plastiki yenye kifuniko, na chupa ikijaa ifungwe kwa utepe na kuandikwa. Kuzitupa ovyo ndani ya gunia la taka ni kumdhuru mtu anayekuja kulibeba. Aliyechomwa na sindano au pini yenye kutu aoshe jeraha kwa maji na sabuni, kisha afike kituo cha afya aulizie chanjo ya pepopunda.

Watoto wadogo ni suala jingine, hasa pale sebule inapogeuka karakana. Shanga zinapendeza machoni mwao na huingia puani, masikioni na kooni. Tunga shanga ndani ya sinia au ungo uliotandikwa kitambaa, ili zinazodondoka zisidunde na kusambaa. Kila rangi iwe na kopo lake lenye kifuniko, na makopo yawekwe juu. Siku hizi baadhi ya vikundi huweka taa ndogo kwenye mavazi, na taa hizo hutumia betri bapa kama sarafu. Betri ya aina hiyo ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usisubiri uone dalili. Mpeleke hospitalini mara moja na umweleze daktari ni betri. Ikiwezekana, kikundi kitumie vitambaa vinavyong'aa na kuachana na taa hizo.

Kufagia na kusafisha cherehani

Kufagia chumba cha mavazi kuna utaratibu. Kwanza, funika kazi yote kwa shuka safi au iingize sandukuni, kwa sababu vumbi linaloinuliwa na ufagio hutua juu ya nguo. Nyunyiza matone machache ya maji sakafuni, yasilowe, kisha anza pembe ya mbali kuelekea mlangoni. Ufagio wa njukuti huacha vijiti vinavyonasa kwenye kitambaa; ule laini unafaa zaidi ndani, na wa njukuti ubaki uani. Mkonge ukatwe na kuchanwa nje, kwani nyuzi zake fupi huwasha ngozi na macho na hupenya kila mahali. Manyoya ya kuku yaoshwe kwa maji ya sabuni na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa kabla ya kuingia ndani, la sivyo utaingiza utitiri pamoja nayo. Ngozi ya mbuzi iwe imekauka sawasawa. Ikinuka, haijawa tayari.

Wengi hufagia mara moja, jioni, wakiwa wamechoka, na ndiyo maana hufagia vibaya. Afadhali mara tatu za dakika tano kuliko mara moja ya nusu saa. Kila mnapobadilisha aina ya kazi, kutoka kukata hadi kushona, kutoka kushona hadi shanga, meza ifutwe na sakafu ifagiliwe kabla ya kinachofuata kutandazwa. Mtoto wa shule anaweza kupewa zamu hiyo, isipokuwa ile ya sindano, ambayo ni ya mtu mzima.

Cherehani nayo ni sehemu ya chumba. Kila siku, ukiwa umechomoa umeme kama ni ya umeme, toa kibati kilicho chini ya sindano, utoe na bobini, kisha ondoa pamba ya uzi iliyojikusanya kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo: utaingiza unyevu na kusukuma uchafu ndani zaidi. Baada ya kutia mafuta, shona kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilichotupwa hadi uzi utoke safi, ndipo urudi kwenye kitambaa cheupe. Mafundi wakongwe watasema wanayajua haya tangu zamani, nao wanasema kweli. Lakini mavazi ya tamasha mara nyingi hushonwa na walimu, wazazi na vijana wanaojifunza, tena kwa cherehani ya kuazima ambayo haijulikani ilisafishwa lini.

Sheria pia inagusa jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Inataka uchafu na taka ziondolewe kila siku sakafuni, mezani na kwenye vijia, na sakafu isafishwe angalau mara moja kila wiki. Kibanda cha mbao hakisamehewi kwa kuwa ni kidogo. Kwa upande wa taka, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza na zisizooza zitenganishwe. Katika chumba cha mavazi hiyo si kazi ngumu: maganda, majani na mabaki ya chakula upande mmoja, plastiki, nailoni na mikebe upande mwingine. Vipande vya pamba vilivyo safi visichanganywe na vyote hivyo, kwa sababu bado vina thamani. Hujazwa mitoni, hufumwa mikeka ya mlangoni, na virefu zaidi huwa mikanda ya vibwaya. Kuchoma vipande vya nailoni na poliesta uani ni kuwavutisha majirani sumu.

Tamasha likiisha, mavazi hurudi yakiwa na jasho, na hewa yetu ya Pwani yenye unyevu huotesha ukungu upesi. Msiyafungie kwenye mfuko wa plastiki jioni hiyo mkingoje kufua wiki ijayo. Yafuliwe au angalau yaanikwe kesho yake asubuhi, yakauke hadi ndani ya marinda, yakunjwe na kuwekwa kwenye sanduku au mfuko wa pamba, na majani makavu ya mwarobaini kati yake kama wengi wanavyofanya. Njuga zifunguliwe kabla ya kufua, zipanguswe zikauke, zipakwe mafuta kidogo kuzuia kutu, na ziwekwe katika mkebe wao peke yao, mbali na hando.